Hatua Sitini za Baba

Hifadhini, 9 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine mpe Mama, ambaye najua amesimama nyuma yako sasa hivi anajifanya anatafuta kijiko. Goti linaendeleaje? Usiniandikie "linaendelea." Nataka kujua kama unapanda ngazi za karakana mwenyewe au unakaa chini na kupiga kelele uletewe misumari. Mimi ni mzima wa afya. Nimekonda kidogo kwa kutembea, ila hilo Mama asilisikie.

Najua umeshangaa kuona barua. Kwenye simu, mimi na wewe tunaishia "habari" na "salama," halafu unampa Mama. Ni miaka minne sasa, tangu siku ile nilipokwambia nakwenda kusomea mambo ya vinamasi, ukainuka na kwenda zako karakana bila kusema ndiyo wala hapana. Nimeona nijaribu karatasi, labda karatasi hutaikimbia.

Habari yenyewe ni hii: nimeajiriwa! Kwa majaribio ya miezi mitatu, lakini nimeajiriwa. Naongoza matembezi ya kutwa hapa hifadhini. Kwenye kibao cha langoni wameandika "ardhioevu," ila sisi tunaotoka na matope hadi magotini tunasema kinamasi, basi. Kila Jumamosi watu kumi na wawili wanafika saa mbili asubuhi na buti zao za mpira. Tunaanzia kwenye nguzo ya chuma karibu na lango, tunafuata tuta katikati ya matete mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, tunakula tulichobeba, tunarudi jioni.

Mimi natangulia na fimbo ndefu. Mtu wa mwisho anabeba kibendera chekundu, na kazi yake ni moja tu. Kila tunapokata kona naita, "Wa mwisho!" Naye anajibu, "Nipo!" Akijibu, najua wote walio katikati yetu wapo. Wageni huanza kwa kucheka. Wakishazungukwa na matete yaliyowazidi kimo, kicheko kinaisha. Hata mimi, Baba, hilo "nipo" likifika kutoka kule nyuma, moyo unatua.

Kuna kichekesho kimoja lazima nikupe. Zamani kampuni fulani ilitaka kukausha kinamasi hiki ilime. Wakachimba mitaro sita, wakashindwa, wakaondoka, maji yakarudi. Mitaro mitatu ya kwanza inaonekana kwa macho. Mitatu ya mwisho imefunikwa na nyasi, kwa hiyo tumeweka vidaraja vya mbao kwa kufuata ramani yao, mtaro mmoja kila mita hamsini. Sasa hivyo vidaraja viko juu ya ardhi ngumu kama sakafu! Mgeni mmoja akaniuliza, "Dada, daraja hili linavuka nini?" Nikamjibu, "Linavuka ujinga wa wale waliotaka kukausha maji." Walicheka mpaka bata wakaruka. Siku hizi nasema hivyo kila Jumamosi.

Njoo utembee nami siku moja. Wewe unayepima ubao mara tatu kabla ya kukata, utaipenda ramani hiyo.

Mwanao akupendaye,
Twiga

*

Nyumbani, 17 Machi

Mwanangu Twiga,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama ameisikiliza barua yako mara mbili, mara ya pili akiwa amekaa kabisa. Anasema ule, na kwamba kukonda amekusikia. Goti lipo. Ngazi napanda, ila siku hizi tunasalimiana kwanza.

Hongera kwa kazi. Nimefurahi, hata kama sijui kuliandika hilo vizuri. Mkono huu umezoea randa, kalamu inaniteleza.

Kuja huko sitaweza. Ni hili goti. Usinisubiri.

Hao wachimbaji labda nao walikuwa na watoto wa kulisha. Nasema labda tu.

Jambo moja nakuomba. Mvua zikianza, usiende mbali. Ukienda, pima kwa fimbo kila unapokanyaga, hata mahali pakavu. Hasa mahali pakavu.

Baba yako

*

Hifadhini, 6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima, na goti limetulia. Mimi sina jeraha lolote, kwa hiyo msome bila hofu, lakini mambo yameniharibikia.

Jumamosi iliyopita, wiki ya pili ya mvua, tulikuwa tumevuka kidaraja cha tano na kukiacha nyuma. Nilikuwa nikipima kwa fimbo kila tunapokaribia kidaraja, si kila ninapokanyaga kama ulivyoniambia. Kufika hapo nikaona, aah, mtaro tumeshauvuka, ramani inasema mbele ni ardhi tupu mpaka mtaro wa sita. Nikaiweka fimbo begani. Nikapita mimi, wakapita wengine kumi na mmoja. Tukakata kona nikaita, "Wa mwisho!"

Kimya.

Nikaita tena. Kimya. Nilirudi mbio, na nilichokiona ni kichwa, mkono mmoja na kibendera chekundu. Aliyekuwa wa mwisho ni mama mmoja mwoka mikate, mcheshi kweli, alikuwa ametuchekesha njia nzima. Nyasi zilimpasukia chini, akazama mpaka kidevuni. Hakujibu kwa sababu aliogopa kufungua mdomo maji yasiingie. Lakini kibendera hakukiachia! Tulimvuta kwa fimbo na mikanda ya suruali za wageni. Alipotoka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Buti langu moja limebaki, nani anakwenda kulichukua?" Hapo ndipo nilipolia.

Yeye mzima, namshukuru Mungu. Ila Mkuu wa hifadhi anasema niliwatoa watu nje ya njia, maana ramani haionyeshi maji mahali pale. Nimeapa kwamba sikutoka kwenye tuta hata kwa unyayo mmoja. Ananitazama kama mtoto aliyevunja sahani. Kamati inakaa tarehe 2 Mei. Wakiona ni uzembe wangu, kazi sina, na matembezi yanafungwa moja kwa moja.

Nimelala na swali moja siku zote hizi. Uliniandikia "hasa mahali pakavu." Ulijuaje?

Twiga wako

*

Hifadhini, 24 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki mbili na nusu sijapata mstari hata mmoja. Nikipiga simu Mama anasema uko karakana, na anavyolisema najua umekaa hapo hapo kwenye kiti unamtikisia kichwa.

Kama umekasirika, sema umekasirika. Kama unajua kitu, nimebakiza siku nane.

Wa mwisho!

Twiga

*

Nyumbani, 25 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu kwa heshima, na leo nakusalimu mimi kwanza kwa sababu nina kosa. Sote wazima. Barua hii ni ya tano. Nne nimezichana, na Mama amezikuta kwenye takataka za randa akaziunganisha, akanijia na macho makavu akasema, "Usipomwandikia, nitamwandikia mimi." Basi naandika.

Mjinga wa vidaraja vyako ni mimi.

Mama alikuwa na mimba yako ya miezi miwili. Nilipata kibarua cha kuchimba mitaro, na kwa kuwa nilijua kusoma namba, wakanifanya nyapara wa watu ishirini. Kazi yangu ilikuwa kupima umbali kutoka mtaro hadi mtaro na kuandika kitabuni. Nikapewa utepe wa kupimia, mpya, wa kukunjwa kwenye kasha la ngozi. Siku ya tatu uliniponyoka ukazama. Nilipapasa matope mpaka jioni, sikuuona.

Ningesema, ningefukuzwa siku hiyo hiyo, mtu wa siku tatu. Nikanyamaza. Nikapima kwa miguu. Nilijiambia hatua zangu sitini ndizo mita hamsini, na kitabuni nikaandika hamsini, hamsini, hamsini, mitaro yote sita. Ramani yenu imechorwa kutoka kitabu changu. Miguu yangu ilikuwa mirefu kuliko nilivyodhani. Kila mtaro ulisogea kidogo kupita ulioandikwa, na kosa likawa linaongezeka kadiri unavyokwenda mbali na lango. Mwoka mikate wako alizama kwenye mtaro wangu wa tano, ule halisi.

Sasa umejua kwa nini napima ubao mara tatu. Mlikuwa mkinicheka nyumba nzima, nami nacheka nanyi.

Na kuna jingine. Siku maji yalipoanza kutoka, vyura walibaki chini ya mitaro, wengi hata huwezi kuhesabu, wanarukaruka kutafuta maji. Vijana wangu walicheka kwanza. Baadaye hakuna aliyecheka. Usiku wa siku ile sikusikia chura hata mmoja, wala kesho yake. Mabati ya nyumba uliyokulia yalitoka kwenye mshahara ule. Kwa hiyo uliposimama mbele yangu ukasema unakwenda kusomea namna ya kuvilinda vinamasi, nilikosa pa kuuweka uso wangu. Hukunikera, mwanangu. Niliona haya. Nikaenda karakana nikapiga randa ubao mpaka ukaisha.

Sasa sikiliza. Hatua zile mimi sina tena, goti limezikata. Lakini wewe unazo. Kwa nini tulikuita Twiga? Kwa nini Mama alikuwa anaacha upindo mkubwa kwenye sketi zako za shule? Ulikuwa ukitembea mbele yangu, najiona mwenyewe. Nenda kwenye nguzo ya chuma, mtaro wa kwanza uko hatua sitini kutoka hapo. Usikimbie wala usijivute. Tembea kama mtu anayewahi kazini asubuhi, asiyechelewa. Kila hatua sitini, chomeka fimbo.

Nimeweka karatasi nyingine humu ndani kwa ajili ya Mkuu wako. Nimeandika yote na kutia sahihi. Mpe. Aibu yangu nimeibeba miaka ishirini na saba, kuibeba mbele ya watu si mzigo mpya.

Nisamehe.

Baba yako

*

Hifadhini, 3 Mei

Baba yangu, Baba yangu,

Shikamoo mara sitini! Mama naye shikamoo, na mwambie yeye ndiye mwenye akili humo ndani. Naandika nikiwa nimevaa matope, nikisubiri kuoga nitasahau nusu.

Barua yako ilifika tarehe 30. Niliisoma kwenye ngazi ya ofisi, nikaisoma tena, nikakaa chini. Kusema kweli nilikasirika kidogo. Miaka minne nikidhani unaidharau kazi yangu! Nikamwazia na yule mama na buti lake. Halafu nikakumbuka vile nilivyokuwa nikiwachekesha wageni kwa mgongo wako kila Jumamosi, hasira ikaisha, nikabaki na haya zangu mwenyewe. Tumelingana, wewe na mimi.

Jana kamati ilikaa. Mkuu akaisoma karatasi yako kwa sauti, wote wakatazamana. Mmoja akasema hatua za mtu si kipimo. Nikasema, "Basi twendeni." Tukaenda, watu saba na viatu vyao vya ofisini. Nikaegemeza mgongo kwenye nguzo ya chuma nikaanza kuhesabu. Sitini, mtaro wa kwanza huo miguuni pangu. Sitini, wa pili. Sitini, wa tatu. Hiyo mitatu hakuna aliyewahi kuilinganisha na ramani, kwa sababu inaonekana.

Kutoka hapo ni nyasi tupu. Baba, kwenye hatua ya hamsini na tano nilianza kuhesabu kwa sauti. Kidaraja cha nne nimekiacha nyuma, mbele hakuna dalili ya kitu. Sitini. Nikachomeka fimbo, ikaenda yote mpaka kwenye vidole vyangu. Wa tano, vilevile. Wa sita nilimpa Mkuu fimbo achomeke mwenyewe. Nusura aifuate! Akaitoa, akaipangusa polepole kwa leso yake, akaniambia, "Samahani, binti." Basi. Ila kwa mtu yule, hayo ni maneno mengi.

Mwenzangu mmoja, mfupi kama kigoda, naye alijaribu hatua zake sitini. Aliishia mbali kabisa na maji. Tulicheka sana.

Kazi ninayo, na ya kudumu. Matembezi yanafunguliwa tarehe 18. Mkuu anauliza kama seremala anayepima mara tatu anaweza kututengenezea vidaraja vitatu vya kuweka mahali pake panapostahili.

Asante, Baba. Sijui niiandike mara ngapi. Asante kwa karatasi ile, najua ilikugharimu nini. Asante kwa miguu hii, niliyoichukia shuleni kote. Njoo tarehe 18. Tutakwenda mwendo wa goti lako. Kibendera nimekuwekea.

Mwanao,
Twiga

*

Nyumbani, 21 Mei

Mwanangu Twiga,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Nilifika salama. Goti limevimba kama mkate, nami sijawahi kufurahia uvimbe namna hii. Mama ananikanda kwa maji ya moto na kunisimanga, anasema nimerudi na harufu ya matope kama enzi zile. Nilimwambia haya ni matope mengine.

Mlinzi wa langoni alinipa kitabu cha wageni. Kuna sehemu ya kuandika sababu ya kuja. Wenzangu waliandika "kuona ndege." Nilikaa na kalamu mpaka walio nyuma yangu wakaanza kukohoa. Mwisho nikaandika "kumfuata mwanangu," nikakupa kitabu usaini, hukuangalia. Siku ukipata nafasi, angalia.

Nashukuru ulivyowaambia watu pale kwenye daraja la kwanza nililotengeneza. Nilijiandaa kwa kicheko. Wewe ukasema, "Mitaro hii ilichimbwa na watu ishirini kwa majembe, miezi saba, na mpaka leo imenyooka. Aliyeipima yuko nyuma yenu ameshika kibendera. Bila yeye leo tusingejua pa kukanyaga." Wote wakageuka. Sikujua nitazame wapi, nikatazama buti. Ndipo yule mwoka mikate akaja mpaka kwangu, nikasema moyoni, leo nimekwisha. Akanishika mkono, "Kumbe ni wewe uliyenizamisha!" Akacheka mpaka akashika mbavu, akaukata mkate wake katikati akanipa nusu. Mkate mzuri. Mwambie nimemwekea kiti cha jikoni, ninakimalizia, nimekipima mara nne.

Na pale kibandani, wengine mlipokuwa mnagombania darubini kwa ajili ya yule ndege, mdiria, mimi nilikuwa nimefumba macho. Mlidhani nasinzia. Nilikuwa nasikiliza vyura. Wamerudi, mwanangu. Wamejaa tele, wanapiga kelele mchana kweupe bila adabu. Sikuwarudisha mimi, najua. Maji yalirudi yenyewe, na watu kama wewe wameyalinda yasiondoke tena. Ila nilizisikia kelele zile nikajihisi kama mtu aliyeambiwa, haya, kaa nasi. Asante. Usingeniita nisingekuja, na nisingekuja ningekufa na ukimya ule masikioni.

Nina jambo moja la mwisho. Kona ile ya kurudi, matete yalipokuficha, uliita mara mbili. Mara ya pili nilijibu, tukaendelea, na ulipokuja kuniuliza nikasema upepo umenizuia kusikia. Hapakuwa na upepo. Nilikusikia vizuri sana. Nilikuwa nalia, sauti ikakataa kutoka, nami sikutaka uisikie ikiwa vile.

Kwa hiyo ule wito wa kwanza bado sijaujibu. Hata wito wa ile barua yako ya Aprili sijaujibu, wala miaka ile minne uliyokuwa ukiniita kwenye simu nikampa Mama. Naujibu wote leo, kwa mwandiko wangu, Mama akiwa shahidi.

Nipo.

Baba yako